Nani aliufundisha mtambo habari za ngoro?

(Mazungumzo ya juma hili kama yalivyosomwa redioni)

Ndugu msikilizaji, mwezi uliopita nilikuwa Mbinga. Aliyewahi kupanda kutoka Songea hadi Mbinga mjini, kisha akaendelea kuelekea Litembo, anaijua mandhari ninayoisema. Milima imesimama wima mpaka mgeni anajiuliza jembe linashikaje pale. Juu ya miteremko hiyo pamechimbwa mashimo ya mraba, safu baada ya safu, na ukiyatazama kwa mbali utadhani ni sega la nyuki. Hayo ndiyo mashamba ya ngoro, kilimo ambacho Wamatengo wamekuwa nacho kwa zaidi ya miaka 100, na ndicho kilichoifanya milima ile iendelee kutoa maharage na mahindi badala ya kuteremka yote mtoni wakati wa masika.

Jioni moja mjukuu wa mwenyeji wangu, binti wa kidato cha tatu, alichukua simu akaiuliza ile inayoitwa akili mnemba: ngoro ni nini? (Wengine husema akili bandia, wengine akili unde. Wataalamu wa lugha bado hawajatulia, na mimi nawasubiri.) Jibu lilikuja mara moja, tena kwa Kiswahili cha kupendeza. Ngoro huzuia mmomonyoko. Mashimo hukusanya maji ya mvua. Nyasi zinazofukiwa huoza zikawa mbolea. Yote hayo ni kweli. Kisha mtambo ukaeleza kwamba wanaume ndio wanaochimba mashimo na kupanga matuta.

Bibi wa binti yule alikuwa akipukuchua maharage kando ya moto. Aliacha kazi, akatazama simu, akauliza: "Huyo kasoma wapi?"

Ndugu msikilizaji, swali la bibi ndilo mazungumzo yangu ya leo. Kwani kwa desturi ya Umatengoni wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza katika mistari inayokatana, na wanawake ndio wanaochimba udongo wa katikati na kuzifunika nyasi zile hadi tuta linasimama. Bibi yule amefanya kazi hiyo tangu akiwa msichana. Mtambo umeijua kazi yake, lakini yeye mwenyewe haukumjua.

Sasa, kasoma wapi? Mitambo hii hufundishwa kwa namna ambayo kwa maneno ni rahisi kueleza, ingawa kwa vitendo inakula umeme na fedha nyingi mno. Kompyuta hupewa maandishi, mabilioni kwa mabilioni ya maneno: magazeti, vitabu, hotuba, ripoti, mabishano ya watu. Hufunikwa neno, ikaambiwa ibahatishe ni lipi linalofuata. Ikikosea, inarekebishwa kidogo. Hurudia zoezi hilo mara zisizohesabika hadi inaanza kubahatisha vizuri kiasi kwamba sisi tunaona inajibu. Baada ya hapo wanaletwa binadamu wa kuipa adabu. Husoma majibu yake, wakasema hili ni zuri, hili ni baya, hili lisitamkwe kabisa. Kwa hiyo kila mtambo wa aina hii una walimu wa namna mbili: walioandika bila kujua kwamba wanafundisha, na walioajiriwa kufundisha bila majina yao kujulikana.

Tuanze na walioandika. Maandishi ya kina juu ya ngoro si mengi, na sehemu kubwa yalitokana na watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walioshirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, Japani, tangu miaka ya 1990. Walikaa vijijini, wakapima mashimo, wakauliza maswali. Lakini hawakuishia kuuliza. Katika kijiji cha Kindimba walishirikiana na wananchi kujenga kinu cha kusaga nafaka kinachoendeshwa kwa nguvu ya maji, na kamati iliyoundwa na wanakijiji kusimamia shughuli zile ikapewa jina la Sengu. Kwa Wamatengo, sengu ni ule utaratibu wa zamani wa watu wa ukoo kula pamoja na kuzungumza mambo yao, wazee wakitoa shauri.

Sisemi kwamba watafiti wale walikuwa malaika. Utafiti ni kazi, na waliofanya kazi ile walipata shahada na vyeo. Ninachosema ni kwamba mwanakijiji wa Kindimba alimwona usoni aliyemuuliza. Aliweza kumkatalia. Aliweza kumwambia, umeandika vibaya, mwanamke ndiye anayechimba. Na mwisho wa yote kulikuwa na kinu.

Mtambo unaposoma makala ya mtafiti, yote hayo yanabaki nje ya mlango. Unachukua sentensi, unaacha masharti yaliyoizaa. Kampuni yenye mtambo huo inauza huduma yake Tokyo, New York na hata hapa Dar es Salaam, na hakuna hesabu inayorudi Sokoine, sembuse Litembo. Mkulima wa kahawa wa Mbinga ataielewa hali hii upesi kuliko mimi na wewe wa mjini. Yeye amezoea kupeleka kahawa yake chamani, akapokea malipo ya awali, akasubiri mnada, akasubiri malipo ya pili. Mara nyingi malipo ya pili yamekuja kidogo, mara nyingine yamekuja yakiwa yameliwa njiani. Lakini angalau jina la malipo ya pili lipo, na mkulima anajua ofisi ya kwenda kugombea. Maneno yetu hayana hata jina hilo.

Wako walioanza kugombea, na wamepata. Mwezi Desemba 2023 gazeti la New York Times la Marekani liliifungulia mashtaka kampuni ya OpenAI pamoja na Microsoft, likidai kwamba makala zake zimetumika kufundishia bila ruhusa. Mwaka 2025 waandishi wa vitabu walioishtaki kampuni nyingine ya huko huko, Anthropic, walifikia mapatano ya dola bilioni 1.5, kiasi cha dola 3,000 hivi kwa kila kitabu kwa vitabu vipatavyo 500,000. Hapo msikilizaji lazima awe mwangalifu. Jaji wa kesi ile, William Alsup, hakusema kwamba kuufundisha mtambo kwa kitabu ni wizi. Aliona kwamba kufundishia kwa vitabu vilivyopatikana kihalali kunaruhusiwa na sheria ya kwao. Kilichoiponza kampuni ni kupakua vitabu kutoka kwenye maghala ya wezi na kuviweka. Kwa maneno mengine, aliyelipwa ni mwenye kitabu kilichoibwa. Bibi wa Litembo hana kitabu.

Nije kwa walimu wa namna ya pili, maana hawa ni jirani zetu. Mwishoni mwa mwaka 2021 OpenAI iliingia mikataba na kampuni ya Sama, yenye ofisi Nairobi, ili vijana wa Kenya wasome maandishi machafu na kuyapanga kwa aina zake: ya ubakaji, ya mauaji, ya kudhalilisha watoto. Lengo lilikuwa kuufundisha mtambo uyatambue na kuyakwepa, na lengo hilo ni jema. Kila anayetumia mtambo ule leo bila kutupiwa uchafu usoni ana deni kwa vijana wale. Gazeti la Time lilipoandika habari hiyo Januari 2023 lilieleza kwamba mkataba ulitaja dola 12.50 kwa saa, na mikononi mwa vijana ilifika kati ya dola 1.32 na dola 2. Dola 2 kwa thamani ya wakati ule hazikufika shilingi 5,000 za Tanzania. Walieleza kwamba walisoma vifungu 150 hadi 250 kwa zamu ya saa tisa. Sama ilipinga, ikasema vifungu vilikuwa 70 na kwamba mtu aliweza kupata hadi dola 3.74 kwa saa. Tuseme basi Sama ndiyo yenye hesabu sahihi. Hata hivyo, nani kati yetu angekubali mwanawe asome vifungu 70 vya namna ile kila siku, arudi nyumbani usiku, ale chakula, alale?

Baadhi yao hawakulala. Walisema wazi kwamba picha za mambo waliyosoma ziliwafuata. Februari 2022 Sama iliikatisha kazi hiyo kabla ya muda. Mei 2023 wafanyakazi zaidi ya 150 wa kazi za aina hii, wakiwamo waliochuja maudhui ya mitandao, walikutana Nairobi wakapiga kura ya kuanzisha chama chao. Kabla ya hapo, Mei 2022, Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyefanya kazi ya kuchuja maudhui ya Facebook pale pale Nairobi, alikuwa ameishtaki Meta pamoja na Sama. Meta ilijitetea kwamba haiwezi kushtakiwa Kenya kwa kuwa si kampuni ya Kenya. Septemba 2024 Mahakama ya Rufani ya Kenya ilisema inaweza. Uamuzi huo haukupigiwa kelele sana huku kwetu, nami nashangaa, maana kwa mara moja ulijibu swali ambalo nchi nyingi za Afrika zilikuwa zinaogopa hata kuliuliza.

Kutoka Mbinga niliteremka ziwani kwa ile barabara ya lami ya kilomita 66, nikafika Mbamba Bay, makao makuu ya Wilaya ya Nyasa iliyokatwa kutoka Mbinga mwaka 2012. Usipa ulikuwa umeanikwa, harufu yake inakupokea kabla ya mtu yeyote. Nilikaa na wavuvi. Wana majina ya pepo, ya rangi za maji, ya namna wingu linavyokaa juu ya milima ya ng'ambo. Hayo hayamo vitabuni. Binti wa Litembo angeiuliza simu yake habari hizo, ingebahatisha tu.

Na hapo ndipo mkondo unapoelekea sasa. Maandishi makubwa ya dunia yamekwisha kusomwa. Kinachotafutwa ni sauti: lugha zisizoandikwa sana, Kimatengo, Kinyasa na nyingine mamia. Mei 2023 Meta ilitangaza mtambo wa kutambua sauti za lugha zaidi ya 1,100. Ilizipata wapi? Sehemu kubwa zilitoka katika Agano Jipya lililosomwa kwa sauti na kurekodiwa ili watu wasiojua kusoma wapate kusikia. Mitambo ile ilitolewa kwa watafiti bure, kwa sharti isifanyiwe biashara, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini msomaji aliyejitolea kanisani, akasoma Injili kwa ajili ya roho za ndugu zake, hakuulizwa kama sauti yake iende pia kufundisha mashine. Pengine angekubali kwa furaha. Pengine angesema hapana. Kuulizwa na kukubali ni mambo mawili.

Hata vijana wetu wenyewe wamenaswa katika tatizo hili. Masakhane ni umoja wa watafiti wa Kiafrika ulioanza mwaka 2019, wakijitolea kuzifanya lugha zetu zieleweke kwenye kompyuta. Mwanzoni walitumia sana mkusanyo wa tafsiri za lugha zaidi ya 300 uliotokana na machapisho ya Mashahidi wa Yehova. Ikaja kubainika kwamba masharti ya wenye machapisho hayaruhusu kazi hiyo. Wakaomba ruhusa, wakanyimwa, na mkusanyo ukaondolewa. Makampuni makubwa hayakuwa na mazoea ya kuomba. Yalichukua kwanza, yakaajiri mawakili baadaye. Kwa hiyo sheria ikawabana wanyonge waliotaka kuifuata, na hilo ndilo lililonikera kuliko yote katika habari hii.

Kuna watu waliofanya vingine. Kaskazini mwa New Zealand, katika mji wa Kaitaia, kipo kituo cha redio cha Wamaori kiitwacho Te Hiku Media. (Mtaniwia radhi, mtu wa redio husifia redio.) Mwaka 2018 waliwaomba wasikilizaji wao wasome sentensi za Kimaori na kujirekodi. Kwa siku 10 watu wapatao 2,500 walijitokeza, zikapatikana saa zaidi ya 300 za sauti. Baadaye kampuni ya Marekani ikaja na ahadi ya kulipa dola 45 kwa saa kwa yeyote atakayeipa sauti za Kimaori. Te Hiku walikataa, na waliandika leseni yao inayosema kwamba sauti zile ni amana. Wao ni walinzi wake, na atakayezitumia lazima kwanza aoneshe faida gani inarudi kwa Wamaori. Kisha wakatengeneza mtambo wao wenyewe wa kutambua lugha.

Kiswahili chetu tumekipeleka kwa njia nyingine. Kuna mradi wa Common Voice wa shirika la Mozilla, ambamo watu wa Kenya, Tanzania na kwingineko wamejitolea kusoma sentensi ili sauti ziwe mali ya wote, na kila atakaye achukue bila kuomba. Nimesikia vijana wakibishana vikali juu ya hilo, na kila upande una hoja. Wa kwanza wanasema, tukifunga ghala, kijana wa Songea mwenye kompyuta moja ndiye atakayekosa, kwani tajiri ana njia zake. Wa pili wanasema, tukifungua ghala, kijana wa Songea atachota kwa kikombe, tajiri atachota kwa meli. Wanasheria wa Chuo Kikuu cha Pretoria pamoja na wa Chuo Kikuu cha Strathmore, Nairobi, wametunga leseni inayojaribu kupita katikati, ya kuwapa Waafrika masharti mepesi na kuwataka walio katika nchi tajiri warudishe kitu. Mimi naelekea upande huo. Sitaki maarifa ya ngoro yafichwe. Hayakuwahi kuwa siri, jirani alijifunza kwa kutazama shamba la jirani. Lakini jirani yule naye alikuja na jembe lake siku ya kusaidiana.

Tena kujificha kuna gharama yake. Kiswahili ni sehemu ndogo sana ya maandishi ambayo mitambo hii imelishwa, haifiki hata nusu ya asilimia moja ya mkusanyo mkubwa wa mtandaoni unaotumiwa na wengi. Mtambo hukata maneno vipande vipande kabla ya kuyasoma, na kwa kuwa ulizoea Kiingereza, maneno yetu marefu hukatwa vipande vingi zaidi. Makampuni hutoza kwa kuhesabu vipande. Matokeo yake ni kwamba anayejenga huduma ya Kiswahili hulipa zaidi kwa wazo lile lile, na hupata jibu lenye makosa zaidi. Tukisusa kabisa, tutaendelea kulipishwa ghali kwa kuambiwa uongo juu yetu wenyewe.

Na sheria zetu je? Tunayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo haikuandikwa kwa kuifikiria mitambo hii. Ina sehemu inayolinda sanaa za jadi, ngoma, hadithi na nyimbo, zisitumiwe kibiashara bila kibali. Ngoro si ngoma, ni kilimo, kwa hiyo hapo bibi hapati mlango. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa Aprili 2024. Sauti ya mtu inayomtambulisha ni taarifa yake binafsi. Atakayekwenda Lituhi au Liuli na kinasa sauti, akawaambia wavuvi wazungumze naye awape vocha ya simu, anapaswa kuwaeleza sauti hizo zinakwenda wapi na kwa kazi gani, na wanaweza kumkatalia. Serikali za vijiji zikielezwa jambo hili mapema, kabla wakusanyaji hawajafika, itakuwa nafuu kuliko kuwakimbilia mahakamani wakishaondoka. Mkutano wa kijiji unaojua kukataa mwekezaji wa ardhi hautashindwa kumhoji mkusanyaji wa maneno.

Niliporudi Litembo kuaga, nilimkuta binti yule bado anashindana na simu. Aliiandikia kwamba imekosea, kwamba wanawake ndio wanaochimba. Mtambo ukamshukuru kwa adabu nyingi, ukaomba radhi, ukarekebisha. Binti akafurahi. Kesho yake akachukua simu ya mjomba wake, akauliza swali lile lile. Wanaume wakarudi shimoni. Nikamweleza kwamba mtambo haujifunzi hapo hapo kwa kuambiwa na mtu mmoja, hadi wenyewe waketi tena waufundishe upya, na waamue kama maneno yake yamo.

Bibi alisikiliza hadi mwisho. Kisha akamwambia mjukuu wake: "Mwambie aje mwezi wa tatu, nyasi zikiwa zimefyekwa. Nitampa jembe."